Murrow: Mtangazaji aliyeinamisha maikrofoni ili nyayo zisikike

USIKU wa Agosti 24, 1940, king'ora kilipolia jijini London kuonya kuhusu ndege za Ujerumani, mtangazaji Mmarekani Edward R. Murrow alikuwa kwenye ngazi za kanisa la St Martin-in-the-Fields, kando ya uwanja wa Trafalgar Square. Matangazo yalikuwa yakienda Marekani moja kwa moja.

Hakupaaza sauti kushindana na king'ora. Aliinama, akaisogeza maikrofoni karibu na ardhi. Wasikilizaji ng'ambo ya Atlantiki wakasikia nyayo za wakazi wakielekea kwenye mahandaki. Walikuwa wakitembea tu, hawakukimbia.

Marekani haikuwa imeingia vitani, na wengi huko waliona kwamba vita vya Ulaya haviwahusu. Nyayo zile ziliwafikishia habari ambayo hotuba nyingi zilishindwa kuifikisha.

Murrow alizaliwa Aprili 25, 1908 karibu na Greensboro, North Carolina, akapewa jina Egbert. Akiwa mtoto, wazazi wake walihamia jimbo la Washington, ambako alifanya kazi katika kambi za wakata miti.

Chuoni, mwalimu wake wa ufasaha alikuwa Ida Lou Anderson, mwanamke aliyelemazwa na polio utotoni. Miaka mingi baadaye, akimsikiliza mwanafunzi wake redioni, mwalimu huyo alimshauri atue kidogo baada ya neno la kwanza la salamu yake ya kila usiku kutoka London. Mtuo huo ukawa kitambulisho chake.

Ajabu ni kuwa shirika la CBS lilipomwajiri mwaka wa 1935, kazi yake ilikuwa kutafuta watu wa kuzungumza redioni, si kuzungumza mwenyewe. Ujerumani ilipoivamia Austria Machi 1938, alikodi ndege nzima, akiwa abiria wa pekee, akaenda Vienna na kuripoti aliyoyaona.

Watangazaji wengi wa enzi hiyo walihutubia maikrofoni kana kwamba wako jukwaani. (Wapo wanaofoka hivyo hata leo.) Murrow alitambua kwamba chombo hicho hunasa hata pumzi, na kwamba msikilizaji yuko sebuleni kwake, si uwanjani. Alizungumza kwa sauti ya chini, na kuwahimiza wenzake waongee kama waongeavyo siku zote.

Mashirika ya redio ya Marekani yalipiga marufuku sauti zilizorekodiwa, hivyo kila kitu kilipaswa kusikika papo hapo. Murrow alipoomba kutangaza kutoka juu ya paa wakati wa mashambulizi, maafisa wa Uingereza walikataa, wakihofia angetaja palipoangukiwa na mabomu na kumsaidia adui. Ilimbidi arekodi majaribio usiku baada ya usiku ili wamwamini. Waziri Mkuu Winston Churchill aliunga mkono ombi hilo, na Septemba 1940 Murrow akapanda paani, bila hotuba iliyoandikwa.

Studio yake ilikuwa chini ya ardhi katika jumba la BBC. Bomu lilipiga jumba hilo Oktoba 15, 1940 na kuua wafanyakazi saba. Aliendelea kutangaza kutoka humo humo. Desemba 1943 aliandamana na ndege ya kivita hadi Berlin. Baadhi ya waandishi waliosafiri usiku huo hawakurudi. Aprili 1945 aliingia kambi ya mateso ya Buchenwald, akasimulia kwa sauti ile ile tulivu.

Baada ya vita alihamia televisheni, ambako mwaka wa 1954 alimkabili Seneta Joseph McCarthy. Mwaka uliofuata kipindi chake kilichunguza uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Yeye mwenyewe, mvutaji sugu, hakuacha. Saratani hiyo ilimuua Aprili 27, 1965, siku mbili baada ya kutimiza miaka 57.