Gottlieb Daimler, Mwunda Injini Nyepesi

Kibingo ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, katika Mkoa wa Kagera. Nchi yake ni ya vilima, migomba na mibuni. Wakati wa mavuno ya kahawa, magunia husafirishwa kwa baiskeli, kwa pikipiki, na kwa vile vigari vya magurudumu matatu ambavyo watu wengi huviita guta. Hebu mfikirie fundi wa kijiji anayetaka kuunda kigari chake mwenyewe cha magurudumu manne. Fremu ataichomelea kwa mikono yake. Magurudumu atayatafuta, na viti atavipiga kwa mbao. Lakini injini haichomelewi. Hana budi kuing'oa katika chombo kingine kilichochakaa. Je, achukue injini ya pikipiki au injini ya gari dogo?

Swali hili lina historia ndefu. Mjerumani mmoja, Gottlieb Daimler, alipambana nalo zaidi ya miaka 130 iliyopita. Yeye alikuwa na taabu kubwa kuliko fundi wetu, kwa sababu siku hizo hapakuwa na pikipiki wala motokaa ya petroli ya kung'olewa injini. Ilimbidi aiunde injini kwanza, kisha atafute mahali pa kuifunga.

Daimler alizaliwa tarehe 17 Machi, 1834, katika mji mdogo wa Schorndorf, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mwokaji mikate. Kijana Gottlieb hakupenda tanuri; alipenda chuma. Akapelekwa kwa fundi wa bunduki ajifunze kazi, na huko akazoea kukata na kusugua vyuma vidogo mpaka vikaingiliana barabara, bila kulegea wala kubana. Tukumbuke jambo hilo, kwa kuwa pistoni ndani ya silinda yataka usahihi kama huo. Baadaye alisoma katika Chuo cha Ufundi cha Stuttgart kuanzia mwaka 1857 hadi 1859, kisha akasafiri Ufaransa na Uingereza kutazama viwanda.

Mwaka 1863 alianza kazi katika karakana za mji wa Reutlingen, zilizokuwa chini ya nyumba ya kulelea yatima. Miongoni mwa vijana waliolelewa humo alikuwamo Wilhelm Maybach, mdogo wa Daimler kwa karibu miaka 12. Wazazi wa Maybach walikuwa wamefariki yeye akiwa mtoto. Daimler aliona kwamba kijana huyu alikuwa na kipawa cha kuchora mitambo, akamchukua kuwa msaidizi wake. Tangu hapo wawili hao hawakuachana katika kazi mpaka kifo kilipowatenganisha. Ni vigumu kusema ni wazo gani lilikuwa la nani, na watu wengi humsahau Maybach isivyo haki.

Mwaka 1872 Daimler alikwenda kuongoza ufundi katika kiwanda cha injini cha Deutz, karibu na mji wa Cologne, na Maybach akafuatana naye. Kiwanda hicho kilikuwa cha Nikolaus Otto na wenzake. Mwaka 1876 Otto alifaulu kuunda injini ya mipigo minne, na mpaka leo injini nyingi za pikipiki na za magari hufanya kazi kwa utaratibu huo. Katika mpigo wa kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na mafuta. Katika wa pili hupanda na kuugandamiza mchanganyiko huo. Kisha mchanganyiko huwashwa, gesi zinatanuka kwa nguvu na kuisukuma pistoni chini. Huu ndio mpigo pekee unaotoa kazi. Katika mpigo wa nne pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje.

Injini ya Otto ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa nzito mno. Ilitumia gesi iliyoletwa kwa bomba, na ilizunguka polepole, mizunguko isiyozidi 200 kwa dakika. Ilifaa kusimama sakafuni katika kiwanda na kuendesha mashine nyingine. Kuifunga katika gari kungekuwa sawa na kumpandisha ng'ombe juu ya baiskeli. Daimler alitaka injini ndogo inayotumia petroli na kuzunguka mbio. Yeye na Otto hawakupatana, na mwaka 1882 Daimler akaondoka.

Alihamia Cannstatt, karibu na Stuttgart, akanunua nyumba yenye bustani kubwa. Ndani ya bustani kulikuwa na kibanda cha vioo cha kuoteshea mimea. Humo ndimo Daimler na Maybach walimofungua karakana yao, wakifanya kazi kwa siri mchana na usiku. Inasimuliwa kwamba mtunza bustani, kwa kusikia milio ya vyuma kila siku na asiruhusiwe kuingia, alidhani mabwana hao walikuwa wakitengeneza fedha za bandia. Polisi wakaja, wakafungua kibanda, wasikute ila injini.

Shida kubwa ilikuwa moto. Katika injini za zamani mchanganyiko uliwashwa kwa njia ambayo haikuweza kwenda mbio. Daimler na Maybach walitumia kijibomba kilichochomoza nje ya silinda, kikapashwa moto kwa taa mpaka kikawa chekundu. Pistoni ilipougandamiza mchanganyiko, sehemu yake iliingia katika kijibomba hicho na kuwaka papo hapo. Hati ya kulinda uvumbuzi wao walipewa Desemba 1883. Sasa injini iliweza kuzunguka mara 600 kwa dakika au zaidi. Injini inayozunguka mara tatu zaidi hupata mipigo ya kazi mara tatu zaidi kwa muda ule ule, kwa hiyo yaweza kuwa ndogo na bado ikafanya kazi ya injini kubwa. Injini yao ilisimama wima, na kwa umbo lake watu waliifananisha na saa kubwa ya kusimama.

Chombo gani basi kitumike kuijaribu? Mwaka 1885 Daimler alichagua chombo chepesi kabisa: magurudumu mawili ya mbao yaliyofuatana, fremu ya mbao, na vigurudumu viwili vidogo vya kando vya kuzuia kuanguka. Injini ilikuwa na silinda moja ya sentimeta za ujazo 264, na nguvu yake ilikuwa nusu ya nguvu ya farasi mmoja. Ilipoozwa kwa hewa. Chombo kizima kilikuwa na uzito wa kilo 90 hivi, na mwendo wake ulifika kilometa 12 kwa saa. Mwezi Novemba mwaka huo mmoja wa wanawe alikiendesha kutoka Cannstatt hadi kijiji cha Untertürkheim, mwendo wa kilometa tatu hivi. Kijibomba cha moto kilikuwa chini ya kiti, na inasimuliwa kwamba kiti kilishika moto njiani.

Daimler hakukusudia kuuza pikipiki. Alitaka kujua jambo moja tu, nalo ni kama injini yake yaweza kumchukua mtu barabarani. Alipokwisha kulijua, aliiacha pikipiki na kugeukia gari.

Mwezi Machi 1886 aliagiza kwa mafundi wa Stuttgart gari la kukokotwa na farasi, akatangaza kuwa ni zawadi ya mkewe, Emma. Lilipoletwa, yeye na Maybach walilifunga injini. Hawakuichukua injini ile ya pikipiki. Waliunda nyingine ya namna ile ile lakini kubwa zaidi, yenye sentimeta za ujazo 462 na nguvu ya farasi mmoja na kidogo. Kwa nini?

Hapa turudi kwa fundi wetu wa Kibingo, maana jibu ni lile lile. Pikipiki ya siku hizi yenye injini ya sentimeta za ujazo 125 hutoa nguvu za farasi kama 10. Daimler angeiona kuwa muujiza. Lakini nguvu hizo hupatikana injini inapozunguka mbio sana, mara 7,000 kwa dakika au zaidi, na kila mzunguko mmoja una nguvu kidogo ya kuzungusha gurudumu. Injini ya gari huzunguka polepole zaidi, na kila mzunguko wake una nguvu kubwa. Mtoto mwenye kata ndogo aweza kulijaza pipa sawa na mtu mzima mwenye ndoo, mradi aende mtoni mara nyingi zaidi. Njia ikiwa tambarare ataweza. Njia ikiwa ya kupanda mlima, atachoka kwanza.

Fikiri pia juu ya uzito. Pikipiki pamoja na mpandaji huwa na kilo 200 hivi. Kigari cha magurudumu manne chenye dereva na magunia ya kahawa chaweza kufika kilo 800. Injini ile ile sasa ina mzigo mara nne. Fundi aweza kuongeza gia za kupunguza mwendo, ili mizunguko mingi ya injini igeuke kuwa mizunguko michache yenye nguvu. Kigari kitapanda, lakini polepole. Na hapo huja shida ya joto. Injini nyingi za pikipiki hupoozwa na upepo unaopita katika mapezi yake ya chuma. Kigari kikipanda kilima polepole na mzigo mzito, injini hufanya kazi nyingi na upepo unaopita ni kidogo. Injini ya gari ina maji yanayozunguka, rejeta na feni, kwa hiyo haingoji upepo wa barabarani. Tena pikipiki haina gia ya kurudi nyuma, jambo ambalo mpandaji halioni kuwa shida, kwa kuwa huisukuma kwa miguu. Kusukuma nyuma kilo 800 ni jambo jingine.

Injini ya gari nayo ina hasara zake. Uzito wake waweza kupita kilo 100, na hutaka fremu imara, ambayo nayo ni nzito. Hula petroli nyingi. Ikiwa kigari ni cha mtu mmoja na ndoo mbili za maziwa katika njia tambarare, injini ya pikipiki yatosha kabisa, nayo ni rahisi kufunga kwa sababu gia na klachi zimo humo humo. Kwa magunia ya kahawa katika vilima vya Kyerwa, sisi tungechagua injini ndogo ya gari.

Gari la Daimler lilikwenda kilometa 18 kwa saa hivi. Hata hivyo lilibaki gari la farasi lisilo na farasi. Mwaka ule ule, katika mji wa Mannheim, mwendo wa kilometa 100 hivi kutoka Stuttgart, Karl Benz alionyesha gari lake la magurudumu matatu. Benz hakununua gari la kufunga injini. Aliunda vyote viwili pamoja, kila kimoja kikikifaa kingine. Katika jambo hili tunaona kwamba Benz alikuwa mbele. Maybach alilitambua hilo, na mwaka 1889 gari jipya la Daimler lilipoonyeshwa mjini Paris, lilikuwa limeundwa upya kabisa: magurudumu ya chuma, injini ya silinda mbili, gia nne, na maji ya kupoza injini yakipita ndani ya mabomba ya fremu yenyewe. Mabomba yale yalibeba gari na kupoza injini kwa pamoja.

Daimler alifunga injini zake hata katika mashua, katika pampu za kuzimia moto, na mwaka 1888 katika chombo cha angani kilichobebwa na gesi. Mashua ziliuzwa vizuri. Watu waliogopa petroli, ambayo wakati huo iliuzwa kwa chupa katika maduka ya dawa kwa ajili ya kusafishia nguo, wakidhani italipuka.

Mwaka 1890 ilianzishwa kampuni kubwa kwa jina lake, lakini matajiri waliotoa fedha walitaka injini za kusimama viwandani, si magari. Maybach aliondoka mwaka 1891, na baadaye Daimler mwenyewe akasukumwa nje ya kampuni iliyobeba jina lake. Alikuwa mgonjwa wa moyo, na Emma alikuwa amefariki mwaka 1889. Maybach akaendelea na kazi katika ukumbi wa hoteli moja ya Cannstatt iliyokwisha kufungwa, na huko akaunda kabureta ya kunyunyizia petroli. Kampuni bila wawili hao ilidhoofika, na mwaka 1895 wakaitwa warudi.

Daimler alifariki tarehe 6 Machi, 1900. Mwaka uliofuata Maybach alitoa gari lililoitwa Mercedes, na mwaka 1926 kampuni ya Daimler iliungana na ile ya Benz. Nyota ya pembe tatu unayoiona mbele ya malori yao huwakilisha nchi kavu, maji na anga. Magari ya Ujerumani yalifika kwetu mapema: mwaka 1907 Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa Gaggenau, akafika pwani ya magharibi ya Afrika, mjini Swakopmund, mwaka 1909.

Ile pikipiki ya mbao ya mwaka 1885 iliteketea mwaka 1903, kiwanda cha Cannstatt kilipoungua. Zile zinazoonyeshwa leo katika majumba ya makumbusho ni nakala zake.