William Harvey na Safari ya Damu

Tangu zamani wafugaji wa Hanang, walipotaka kutoa damu ya ng'ombe, walimfunga kamba shingoni, na mara mshipa ukavimba upande wa kichwani. Kwa nini ulivimba upande ule? Mtu aliyeeleza sababu yake ni mganga Mwingereza, William Harvey.

Harvey alizaliwa Folkestone mwaka 1578. Alipokuwa kijana alisafiri mpaka Padua, katika nchi ya Italia, akajifunza uganga, akahitimu mwaka 1602. Huko mwalimu wake, Fabricius, aliwaonyesha wanafunzi vilango vidogo vilivyomo ndani ya mishipa, lakini hakutambua kazi yake hasa.

Siku zile waganga walishika mafundisho ya Galen, Myunani aliyekufa zaidi ya miaka 1,300 mbele yao. Yeye alifundisha kwamba damu hufanyika katika ini kwa chakula, kisha hutumika mwilini ikaisha. Harvey hakuridhika. Alichunguza mioyo ya wanyama wengi, akaona kwamba moyo ukijikaza hutoa damu, na ukilegea hujaa tena. Akahesabu, akaona kwamba kwa nusu saa moyo hutoa damu nyingi kuliko iliyomo mwilini mwote. Je, ni chakula gani kingeweza kufanya damu hiyo yote? Basi akajua kwamba damu ni ile ile, huenda na kurudi.

Kisha akafunga mkono wa mtu kwa kitambaa, na mishipa ikavimba chini ya kifungo, kwa kuwa damu ilizuiwa kurudi moyoni. Ndivyo ilivyo kwa yule ng'ombe: damu itokayo kichwani huzuiwa na kamba. Na vile vilango huifungulia damu njia ya kwenda moyoni tu.

Mwaka 1628 Harvey alitoa kitabu chake. Ijapokuwa alikuwa mganga wa mfalme, wengi walimdhihaki, na wagonjwa wake wakapungua. Hata hivyo hakuiacha kweli aliyoiona. Alikufa mwaka 1657, asijue damu hupita wapi kutoka mishipa iendayo kuingia mishipa irudiyo. Mwaka 1661 Mwitalia Marcello Malpighi aliviona vijishipa hivyo kwa hadubini, katika pafu la chura.

Ewe msomaji, weka vidole juu ya kifundo cha mkono wako, usikie pigo. Waheshimu waliokutangulia, lakini chunguza nawe kwa macho yako.