Marehemu Mathias Mnyampala

Wengi wetu tughanio ngonjera siku ya wazazi hatumjui mtu aliyeupa mtindo huo nguvu. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu na Dodoma. Lugha ya kwao ilikuwa Kigogo, wala hakulelewa pwani penye mabingwa wa ushairi. Hata hivyo alijifunza vina na mizani barabara. Alipata kuwa mwalimu, liwali na hakimu, huku akitunga. Diwani yake ilitoka mwaka 1963.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, washairi wa chama cha UKUTA walishika kazi ya kueneza siasa ya ujamaa. Mnyampala akaleta ngonjera: watu wawili au zaidi hujibizana ubeti kwa ubeti, asiyejua akibisha na ajuaye akimweleza, mpaka wapatane. Baadhi yake, kusema kweli, ni hotuba zilizotiwa vina. Lakini kwa mwanafunzi mwoga sijaona mwalimu bora. Mara yangu ya kwanza koo lilinikauka, ila mwenzangu alikwisha kunirushia ubeti wake, ikanibidi nimjibu. Nilimkabili yeye, si umati, na kila kina kilinivutia neno lifuatalo. Sasa nasimama katika mdahalo bila karatasi, hata mbele ya wazazi.

Mnyampala alifariki mwaka 1969. Vitabu viwili vya Ngonjera za Ukuta vilichapishwa mwaka 1970 na 1971, naye hakuwahi kuvishika.