Bibi Titi Mohamed, Mbunge wa Rufiji

Vijana wetu wengi hupanda basi hapa Issuna kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na wakifika huko hupita katika barabara kubwa iitwayo Bibi Titi Mohamed. Wakirudi nyumbani tukawauliza huyo Bibi Titi alikuwa nani, wengi hawajui. Wachache husema alikuwa mwimbaji. Hawakukosea, lakini hawakumaliza. Kwa hiyo tumeona vema kusimulia habari za maisha yake, kwa kuwa ndani yake limo jambo la kutufikirisha sisi sote tunaochagua viongozi na kuwaondoa.

Alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Juni 1926, katika nyumba ya Kiislamu. Baba yake hakutaka binti asome shule ya serikali, lakini mama yake alitaka, na hivyo Titi akapata miaka michache ya darasani. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama ilivyokuwa desturi ya Waswahili wa pwani, kisha akaozwa angali msichana mdogo. Ndoa ile haikudumu. Kilichomtambulisha kwa watu wa mji kilikuwa sauti yake. Aliongoza uimbaji katika kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba, na aliitwa kusoma katika maulidi. Hakuna aliyedhani kwamba sauti ile ingekuja kutikisa serikali.

Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Bibi Titi na mumewe wa wakati huo walikata kadi miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa. Mwaka uliofuata alifika mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, jina lake John Hatch, akauliza iko wapi sehemu ya wanawake katika chama hiki. Haikuwapo. Ikabidi iundwe, na wazee wa chama wakamchagua Bibi Titi aiongoze.

Tukumbuke hali ya siku zile. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kuingia katika siasa. Karani, mwalimu wa serikali au tarishi aliyeonekana na kadi ya TANU alihatarisha mkate wa watoto wake. Basi wanaume wengi waliokuwa na kazi walibaki pembeni, wakitazama. Wanawake wa mjini hawakuwa na ajira ya serikali ya kupoteza. Walipika pombe, walikaanga vitumbua na samaki, walishona na kuuza mikeka. Tena walikuwa na vikundi vyao vya ngoma, vyenye viongozi wao na umoja wao. Bibi Titi hakuanza kwa hotuba za uwanjani. Aliwaendea viongozi wa vikundi hivyo, mmoja mmoja, akazungumza nao majumbani. Kiongozi wa ngoma akikubali, kikundi chake kizima kilimfuata. Kufikia Oktoba 1955 wanawake zaidi ya 5,000 walikuwa wamekwisha kuandikishwa. Wapo waliokata kadi kwa siri, waume zao wasijue, na wapo waliowakatia kadi waume zao walioogopa kuonekana.

Baadaye alipanda majukwaa. Alisafiri majimbo mengi ya Tanganyika, mara nyingi pamoja na Mwalimu Nyerere, akiwaambia akina mama kwamba wao ndio waliozaa taifa na hawana sababu ya kuogopa. Wakati huo sisi huku Singida tulikuwa chini ya Jimbo la Kati, makao yake Dodoma. Mwezi wa Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU uliokutana Tabora ulikubali, baada ya mabishano makali, kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango fulani, au cheo kilichotambuliwa. Wapika vitumbua waliokijaza chama kwa kadi zao wakabaki nje ya chumba cha kura. Walikuwa wamejenga nyumba wasiyoruhusiwa kuingia. Hata hivyo hawakuiacha kazi. TANU ilishinda, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya uhuru ikapandishwa.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru Bibi Titi alikuwa Mbunge wa Rufiji na Waziri Mdogo wa Maendeleo ya Jamii. Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yaani UWT, ulipoundwa mwaka 1962, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwanamke aliyewekwa ndani akiwa kigori sasa aliketi Bungeni na kuhudhuria mikutano ya wanawake wa Afrika katika nchi za nje.

Kisha ukaja uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja. Katika majimbo mengi wagombea wawili wa TANU walishindana, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wananchi waliutumia uhuru huo bila kumwonea mtu haya. Baadhi ya mawaziri na mawaziri wadogo waliangushwa, na Bibi Titi akawa miongoni mwao. Watu wa Rufiji walimpa mwingine kiti. Wahenga wanasema asante ya punda ni mateke, lakini sisi hatuwezi kuwalaumu wapiga kura wale. Haki ya kumwondoa mbunge ndiyo haki aliyoipigania Bibi Titi mwenyewe. Aliipigania, ikapatikana, nayo ikamwangukia.

Pigo la pili lilikuja mwaka 1967 na Azimio la Arusha. Kiongozi alikatazwa kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, au kuwa na nyumba za kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha, alizojenga kwa mkopo. Aliona kwamba mwanamke asiye na elimu kubwa wala pensheni hana kingine cha kumtunza uzeeni. Hakuzificha kwa jina la ndugu. Alijiuzulu katika Kamati Kuu ya TANU. Tunaweza kupingana naye kuhusu Azimio, maana lilikusudiwa kuzuia viongozi wasiwanyonye wanyonge. Lakini njia aliyoichagua ilikuwa ya wazi.

Mwezi wa Oktoba 1969 alikamatwa. Yeye na wengine, akiwamo Michael Kamaliza aliyekuwa Waziri wa Kazi, walishitakiwa kwa kula njama ya kuipindua serikali pamoja na Oscar Kambona, aliyekuwa akiishi London. Kesi ilianza mwaka 1970 mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini tangu uhuru. Mwanzoni mwa 1971 Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha. Alikana mashitaka, naye hakubadili neno lake baadaye. Sisi hatukai hapa kuisikiliza kesi ile upya. Tunasema tu kwamba mwaka 1972 Mwalimu Nyerere alimwachilia kwa msamaha wa Rais.

Alitoka gerezani akaingia katika ukimya. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, na wengi waliomzunguka siku za shangwe hawakubisha tena hodi kwake. Jina lake halikutajwa majukwaani, na watoto wa shule walifundishwa habari za uhuru pasipo yeye. Kwa miaka mingi aliishi Dar es Salaam kama mama yeyote wa mtaani. Mambo yalibadilika polepole. Nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru mwaka 1991, gazeti la chama tawala lilimtaja kuwa shujaa wa uhuru. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 hospitalini Johannesburg, mwaka mmoja baada ya Mwalimu, akiwa na umri wa miaka 74.

Tukiyapima maisha haya, twaona kwamba kiti cha ubunge kilikuwa sehemu fupi tu. Alikipata kwa kura, akakipoteza kwa kura. Kazi iliyodumu ni ile aliyoifanya kabla ya kuwa na cheo chochote, akienda nyumba kwa nyumba kuwaomba wanawake wakate kadi. Hakuna uchaguzi uliyoweza kuifuta kazi hiyo, wala hukumu, wala ukimya.

Kadhalika hapa kwetu. Walikuwapo akina mama waliokata kadi siku zile za hatari, waliobeba maji ya kufyatulia matofali ya shule, waliolisha mafundi na kulala njaa wao. Hawakuwa wabunge, wala hakuna barabara yenye majina yao. Walio wengi wametangulia, na waliobaki ni wachache sana, hawatoki tena nyumbani. Tunawaomba vijana wawaendee jioni moja, wakae nao, wawaulize, na kuandika wanayosikia. Bibi Titi alingoja karibu miaka 20 baada ya kutoka gerezani ndipo nchi ikamtaja tena kwa heshima. Bibi zetu hawana miaka 20 ya kungoja.