Mathias Mnyampala, mlei aliyeitungia Injili mashairi



Mwaka huu wa uchungaji niko huku kati ya Korogwe na Handeni. Jumapili moja nilipewa dakika kumi niongee na watoto wa Utoto Mtakatifu. Mimi na digrii yangu ya falsafa, nikamwaga maneno weee, watoto wakaanza kusinzia. Kisha wenzao wawili wakasimama na ngonjera: mmoja anabisha, mwingine anajibu kwa vina, mpaka wakaelewana. Wote wakaamka, hata mimi!

Ndipo nikamkumbuka Mathias Mnyampala, mtu aliyezipa ngonjera umaarufu katika shule zetu.

Alizaliwa 1917 huko Ugogoni, Dodoma, na utotoni alichunga mifugo. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kigogo, Kiswahili alijifunza. Akawa Mkatoliki, mwalimu, karani, liwali, kisha hakimu. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mlei mwenye kazi za ofisini, na bado aliandika. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia na mila za Wagogo, na 1961 hadithi yake ya mrina asali na wenzake wawili.

Lakini kinachonigusa zaidi ni Utenzi wa Enjili Takatifu, wa 1963. Utenzi ni chombo ambacho Waislamu wa pwani walikitumia karne nyingi kusimulia mambo ya dini yao. Huyu Mgogo wa bara akakipokea kwa heshima, akamsimulia Yesu kwa mizani. Zaburi nazo akazitungia utenzi.

Baada ya Azimio la Arusha, 1967, akiwa na washairi wenzake wa chama cha UKUTA, alitunga ngonjera za kufundisha siasa ya ujamaa. Akafariki 1969. Ngonjera za UKUTA zilichapwa 1970 na 1971, yeye yuko kaburini. Watoto waliozikariri hakuwaona.

Jamani, hapo ndipo ninapobanwa. Mimi nataka nione matunda leo leo, nipigiwe makofi papo hapo. Yeye alipanda, akaondoka.

Jumapili iliyofuata niliacha makaratasi yangu nyumbani. Nikawaomba watoto tutunge pamoja ngonjera ya mpanzi na mbegu. Vina vyangu vilichechemea, wakanicheka, wakanisahihisha. Hakusinzia mtu.

Wewe je, kipaji chako umekifukia wapi? Tumwombee Mathias pumziko la milele, nasi tuombe moyo wa kupanda bila kudai mavuno. Amina.