Mjue James Clerk Maxwell, Bingwa Aliyeuliza Swali

Nyote mnalifahamu lile yowe. Mwalimu wa zamu anashika kipaza sauti gwarideni, anasogea hatua mbili kuelekea kwenye spika, na kabla hajatamka neno, wiii! Gwaride zima linaziba masikio, nao wa Kidato cha Kwanza wanaangua kicheko. Hakuna aliyepiga filimbi. Ni sauti ndogo tu iliyotoka kwenye spika, ikaingia tena kwenye kipaza sauti, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena ikiwa kubwa zaidi, hadi mtambo ukapagawa. Je, mtu anaweza kujua mapema, kwa kalamu na karatasi, mtambo upi utatulia na upi utapagawa? Mmoja wa watu wa kwanza kulishughulikia swali hili kihisabati alifariki miaka mingi kabla ya spika kama zetu kuwako. Huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia.

James Clerk Maxwell alizaliwa tarehe 13 Juni 1831 mjini Edinburgh, Uskoti. Baba yake alikuwa wakili, lakini wakili ambaye moyo wake ulikuwa kwenye mitambo na shamba lake la Glenlair, na huko ndiko James alikolelewa. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuuliza kitu hiki kinafanya kazi namna gani. Akiona kengele ya nyumba inalia, basi lazima aufuate waya wake hadi ajue unakoanzia. Mama yake ndiye aliyemfunza kusoma, ila mwaka wa 1839 saratani ilimchukua, mtoto akiwa na umri wa miaka minane. Kijana aliyeajiriwa kumfunza baada ya hapo alikuwa mkali kupita kiasi, na ikabidi James apelekwe shule mjini Edinburgh.

Huko aliyaona ya Firauni. Siku ya kwanza alivaa nguo na viatu ambavyo baba yake alivibuni mwenyewe, tena alisema kwa lafudhi ya shamba. Wenzake wakamzunguka, wakamrarua nguo, na wakambandika jina la kumwita punguani. (Nadhani kila shule duniani ina watu wa namna hii.) Yeye hakujali sana. Alipofika umri wa miaka 14 aliandika makala juu ya kuchora maumbo ya yai kwa pini na uzi, na mwaka wa 1846 yakasomwa mbele ya chama cha wataalamu wa Edinburgh. Aliyeyasoma ni Profesa James Forbes, kwa sababu mwenye makala alihesabiwa kuwa mdogo mno kusimama mbele ya wazee wale.

Alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, kisha mwaka wa 1850 akaenda Cambridge, Uingereza. Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana jina litakalotajwa litarudi tena. Mtihani wa mwisho wa hisabati wa Cambridge ulikuwa mgumu ajabu, na matokeo yalitangazwa kwa namba kama yetu yanavyobandikwa ukutani. Mwaka wa 1854 Maxwell alikuwa namba mbili. Namba moja alikuwa Edward John Routh, kijana aliyezaliwa Quebec, Kanada, mwaka ule ule wa 1831. Katika shindano jingine lililofuata, la Tuzo ya Smith, wawili hao walitoka sare.

Maxwell alikuwa profesa huko Aberdeen mwaka wa 1856, na kazi kubwa aliyoifanya huko ilikuwa juu ya pete za sayari ya Zohali. Kwa nini pete zile hazivunjiki wala kuiangukia sayari? Cambridge ilikuwa imelitoa swali hilo kuwania Tuzo ya Adams. Maxwell alionyesha kwamba pete ingekuwa kipande kimoja kigumu, msukosuko mdogo tu ungeiangusha. Ingekuwa ya majimaji, ingekatikakatika. Basi lazima ziwe vipande vidogo vingi, kila kimoja kikizunguka peke yake. Alitunukiwa mwaka wa 1857. Mwaka wa 1895 James Keeler wa Marekani alipima mwendo wa pete hizo na ikaonekana kweli sehemu za ndani zinakwenda kasi kuliko za nje, jambo lisilowezekana kwa kitu kigumu. Angalieni basi: tangu ujana wake Maxwell alisumbuliwa na swali moja. Ukikigusa kitu kidogo, kitarudi mahali pake au kitazidi kwenda kombo?

Alimwoa Katherine Dewar, binti wa mkuu wa chuo chake, mwaka wa 1858. Miaka miwili baadaye vyuo viwili vya Aberdeen viliunganishwa, profesa mmoja akawa wa ziada, na wa ziada akawa ni yeye. Hata kuwa mkwe wa mkuu hakukumsaidia! Akaenda London, na huko ndiko alikoandika yale ya umeme, sumaku na mwanga yaliyompa jina kubwa. Hayo mtayakuta Kidato cha Nne, mimi ninayapita.

Ninalolitaka ni hili. Mwaka wa 1863 Maxwell na wenzake walikuwa wakipima omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Walizungusha koili ya waya, nayo ilipaswa kuzunguka kwa kasi ile ile bila kubadilika. Ili kuidhibiti walitumia gavana. Msinielewe vibaya, gavana huyu si yule wa kaunti. Ni kifaa kinacholinda mwendo wa mtambo. Kwenye injini za mvuke za wakati ule kilikuwa na vitufe viwili vya chuma vinavyozunguka: injini ikienda mbio, vitufe vinatanuka na kubana njia ya mvuke, ikilegea, vinashuka na kuifungua njia.

Hata leo ukienda kusaga mahindi kwenye kinu cha dizeli utaisikia gavana ikifanya kazi. Mahindi yakimiminwa, injini inaguna, halafu inaongezewa mafuta na kurudia sauti yake. Lakini gavana ikiharibika, injini haitulii. Inanguruma, inalegea, inanguruma tena, vuum, vuum, na mwenye kinu anakimbia kuizima. Kumbe shida iko wapi? Gavana haiwezi kujua kwamba mahindi yanakuja. Inangoja mpaka mwendo umepungua ndipo ijibu. Mfumo wowote wa kweli uko hivyo, haujibu kabla haujaguswa, na kwa hiyo jibu lake huja limechelewa. Jibu lililochelewa, likiwa na nguvu nyingi, linapita kiasi. Ndipo linapotakiwa jibu la kurekebisha jibu, nalo linachelewa vilevile. Mafundi wa karne ile walikuwa wakiongeza ukali wa gavana wakidhani ndiyo dawa, na mara nyingine injini ilizidi wazimu.

Mwaka wa 1865 Maxwell aliacha kazi London akarudi Glenlair. Mwezi wa Machi 1868 makala yake kuhusu magavana yakasomwa London. Alisema kwamba mtambo ukiguswa, mambo manne yanaweza kutokea: tofauti inazidi kukua, inapungua hadi kwisha, mtambo unayumba huku na huku kwa mayumbo yanayokua, au unayumba kwa mayumbo yanayofifia. La pili na la nne ni heri, la kwanza na la tatu ni balaa. Na yote manne yamefichwa ndani ya mlinganyo mmoja.

Hebu tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Chukua x³ + x² + 2x + 8 = 0. Namba zote ni chanya, ungedhani mambo ni shwari. Jibu moja ni −2, unaweza kulijaribu mwenyewe. Linalobaki ni x² − x + 4 = 0, na kwa kanuni tunayosoma Kidato cha Tatu unapata nusu, kujumlisha au kutoa nusu ya kipeuo cha pili cha −15. Mwalimu wetu angesema hapo hakuna jibu, lakini kwa Maxwell kipeuo cha namba hasi kilikuwa na maana: mtambo utayumba. Na ile nusu, kwa kuwa ni chanya, inasema kila yumbo litakuwa kubwa kuliko lililotangulia. Ingekuwa hasi, mayumbo yangefifia. Maxwell alipata njia ya kujua hayo bila hata kutafuta majibu. Ikiwa namba zote ni chanya, na x³ imesimama peke yake, zidisha namba ya x² kwa namba ya x. Ukipata zaidi ya ile namba ya mwisho, mtambo utatulia. Hapa 1 mara 2 ni 2, nayo haifikii 8. Badilisha ile 2 iwe 10, na mtambo huo huo unapoa.

Hilo lilikuwa la mlinganyo wa daraja la tatu. Lakini mitambo mingine huleta daraja la tano, la sita na kuendelea, na Niels Henrik Abel wa Norwe alikuwa amethibitisha mwaka wa 1824 kwamba kutoka daraja la tano hakuna kanuni ya jumla ya kupata majibu kama tuliyo nayo kwa daraja la pili. Hapo Maxwell alikwama. Na mimi ninampendea hapo hapo alipokwama, maana hakuficha. Mwaka ule ule wa 1868 aliwauliza wanahisabati wa London mkutanoni kama yuko anayejua njia. Mtu wa sifa kama zake! Sisi tukikwama kwenye hesabu tunafunika daftari kwa mkono.

Miaka ikapita. Mwaka wa 1871 Maxwell aliitwa Cambridge kuanzisha maabara ya Cavendish, iliyofunguliwa mwaka wa 1874. Ilipofika 1875, swali la uthabiti wa mwendo lilitangazwa kuwania Tuzo ya Adams, ile ile aliyoishinda kwa pete za Zohali, na mmoja wa watahini alikuwa Maxwell mwenyewe. Aliyeshinda mwaka wa 1877 ni nani? Ni Routh, namba moja wa 1854. Alionyesha kwamba unazipanga namba za mlinganyo katika mistari miwili, unazidisha kimkingamo na kupata mistari mingine chini yake, kisha unatazama safu ya kwanza tu. Alama zote zikiwa sawa, mtambo utatulia. Zikibadilika mara mbili, kuna majibu mawili ya balaa. Haidhuru mlinganyo ni wa daraja gani. Jedwali hilo la Routh linafundishwa vyuoni hadi leo kwa wanafunzi wa uhandisi.

Swali lenyewe halikubaki kwenye injini. Katika miaka ya 1920 mafundi wa simu wa Marekani walitaka kukuza sauti zinazosafiri mbali. Mwaka wa 1927 Harold Black alibuni kikuza sauti kinachorudisha sehemu ya sauti yake nyuma ili kujisahihisha, lakini vikuza sauti vya namna hiyo viliweza kupiga mayowe kama spika zetu. Mwaka wa 1932 Harry Nyquist alitoa njia ya kupima sauti inayozunguka na kujua kama itafifia au itakua.

Maxwell hakuyaona hayo. Alishikwa na saratani ya tumbo, maradhi yale yale yaliyomuua mama yake, na tarehe 5 Novemba 1879 akafariki huko Cambridge akiwa na umri wa miaka 48. Alizikwa Parton, karibu na Glenlair. Routh alifariki mwaka wa 1907. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuwafundisha vijana wa Cambridge hisabati, na zaidi ya ishirini kati yao walishika namba moja katika mtihani ule ule ambao yeye alimpita Maxwell.