Ibn al-Haytham, Bingwa wa Ilmu ya Nuru

Mwanafunzi wa fizikia katika chuo kikuu hufunzwa vile nuru isafirivyo, irudivyo kiooni na ipindavyo majini. Ni wachache wajuao kwamba somo hilo lina deni kubwa kwa Mwislamu wa Basra, Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa yapata mwaka 965.

Yasimuliwa kwamba alidai aweza kuyadhibiti maji ya mto Nili. Khalifa al-Hakim wa Misri akamwita. Alipofika karibu na Aswan na kujionea mwenyewe, alitambua jambo hilo haliwezekani. Kwa kuchelea ghadhabu ya Khalifa akajitia wazimu, akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021.

Katika Kitab al-Manadhir, chenye juzuu saba, aliwapinga wanavyuoni wa Kiyunani waliosema kuwa jicho ndilo litoalo miali. Nuru kali huliumiza jicho, basi nuru huingia, haitoki. Tena kwa taa na chumba cha giza chenye tundu, alithibitisha kuwa nuru husafiri kwa mstari ulionyooka.

Alifariki Cairo yapata mwaka 1040. Hata leo, aingiaye maabara haulizwi nani kasema. Huambiwa ajaribu, aone.